Kunasa Sauti za Ndege na Mazingira: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza na Aliyekwama

Mwaka 1889, nchini Ujerumani, mtoto wa miaka minane aitwaye Ludwig Koch alinasa sauti ya ndege wake wa kufugwa kwa mashine ya Edison iliyochora mawimbi ya sauti kwenye silinda ya nta. Hakuna rekodi ya ndege inayojulikana iliyo ya kale kuliko hiyo. Mashine ile ilikuwa kiziwi kwa kila kitu kilichokuwa mbali nayo, lakini ndege alikuwa tunduni, hatua chache tu kutoka kwenye pembe ya kunasia. Leo simu iliyo mfukoni mwako inasikia vizuri mara nyingi zaidi ya mashine ile, na bado rekodi nyingi za ndege ninazoletewa nizisikilize zina kasoro moja: aliyerekodi alisimama mbali mno.

Ndiyo maana mwongozo huu, hata unapozungumzia maikrofoni na mipangilio, utarudi mara kwa mara kwenye mambo mawili: kumkaribia ndege bila kumsumbua, na kutulia ukishafika. Anayeyaweza hayo mawili akiwa na kifaa cha kawaida hurudi na rekodi safi kuliko mwenye vifaa vya gharama asiyeweza kukaa kimya.

Kwanza masikio, kifaa baadaye

Nenda mahali unapotaka kurekodi ukiwa mikono mitupu. Keti dakika kumi, fumba macho, hesabu kila unachosikia. Rudi alfajiri, rudi mchana, rudi jioni. Chora duara kwenye karatasi, jiweke katikati, halafu andika kila sauti upande inakotokea: mto kushoto, barabara nyuma, njiwa kwenye mti mrefu mbele, nyenze pande zote.

Mmarekani Bernie Krause, aliyetumia miongo mingi kurekodi mandhari za sauti duniani, anazigawa sauti za mahali katika mafungu matatu: za viumbe hai, za dunia yenyewe kama upepo, maji na radi, na za binadamu na mitambo yake. Mgawanyo huo utakusaidia sana unaposoma duara lako. Utagundua kwamba mahali ulipodhani pana ukimya pana jenereta linalovuma mbali, na kwamba ubongo wako ulikuwa umelifuta siku zote. Maikrofoni haifuti. Inachukua kila kitu, na ukifika nyumbani utasikia jenereta kwanza, ndege baadaye.

Vifaa

Simu inatosha kuanzia, kwa masharti matatu. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa. Zima kila kitu kinachoitwa kupunguza kelele au kurekebisha sauti kiotomatiki, kwa sababu vitu hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya maongezi ya watu, na mluzi wa ndege huuona kuwa kelele. Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni, isije ikalia katikati ya kazi, na elekeza upande wenye maikrofoni, ambao kwa kawaida ni wa chini, kwa ndege.

Hatua inayofuata ni kinasa sauti cha mkononi, kile kidogo chenye maikrofoni mbili juu yake. Unapochagua, usivutwe na wingi wa vitufe. Uliza kuhusu mvumo wa ndani, yaani ile "shhhh" ambayo kifaa chenyewe huitoa hata pasipo na sauti yoyote. Kwa mwimbaji aliye mbele ya maikrofoni mvumo huo hauna madhara. Kwa ndege mdogo aliye mita ishirini ndio unaomfunika. Kwenye maelezo ya maikrofoni mvumo huandikwa kwa desibeli: ikiwa 14 au chini, unaweza kurekodi mahali palipotulia, ikikaribia 20 na kupita, utaisikia "shhhh" hiyo kila mara.

Kisha kuna maikrofoni za nje. Ndefu zenye umbo la mtutu huchukua zaidi kilicho mbele yake na kupunguza cha pembeni. Wengi hudhani zinavuta sauti karibu kama darubini inavyovuta picha. Hazivuti. Zinapunguza ya pembeni tu, na ndege aliye mbali anabaki mbali.

Kinachokusanya sauti kwa kweli ni dishi la parabola, lenye maikrofoni iliyowekwa kwenye kitovu chake na kutazama ndani ya dishi. Sauti iliyotapakaa kwenye uso wote wa dishi hurudishwa mahali pamoja, na ndege wa mita thelathini anasikika kama yuko tawi la jirani. Ila dishi lina mpaka wake. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa nyuzijoto 20, kwa hiyo wimbi la hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, lina urefu wa karibu sentimita 69. Dishi lenye upana wa sentimita 55 haliwezi kulishika vizuri wimbi lililo pana kuliko lenyewe. Ndege wadogo wenye milio ya kilohezi 2 hadi 8 watang'aa. Njiwa na bundi, wenye sauti nzito, hawatapata faida kubwa, na sauti yao itatoka nyembamba isivyo kawaida. Kwa hao tumia maikrofoni ya kawaida, umsogelee.

Kitu kimoja ambacho wanaoanza hukiruka ni hedifoni, zile za kufunika sikio zima. Bila hedifoni hujui unachorekodi. Unasikia kwa masikio yako ndege anaimba vizuri, kumbe maikrofoni inasikia mkono wa koti lako.

Upepo

Hata upepo ambao ngozi haiusikii sana hugeuka ngurumo ndani ya maikrofoni. Sponji inayokuja na kifaa inafaa chumbani, pengine na kwa kuzuia pumzi. Nje unahitaji soksi ya manyoya ya bandia, yale marefu, ambayo yanauvunja upepo polepole kabla haujafika kwenye maikrofoni huku sauti ikipita. Kwa maikrofoni kubwa kuna kizimba kinachoacha nafasi ya hewa tulivu kuizunguka maikrofoni, na manyoya huvishwa juu yake. Unaweza kushona soksi ya manyoya mwenyewe, mradi kitambaa cha nyuma kiwe chepesi na chenye matundu: kiweke mdomoni upulize, hewa ikipita kwa urahisi, sauti nayo itapita.

Upepo ukizidi mpaka majani yenyewe yanapiga kelele, hakuna manyoya yatakayokuokoa. Rudi siku nyingine.

Mipangilio, mara moja tu

Weka WAV, biti 24, kilohezi 48, yaani sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde. Kiwango hicho kinanasa sauti hadi nusu yake, kilohezi 24, juu ya upeo wa sikio la binadamu. Saa moja ya sauti ya pande mbili itachukua kama gigabaiti moja, hivyo kadi ya gigabaiti 32 ni kubwa ya kutosha kwa siku nzima. Epuka MP3 wakati wa kurekodi: huokoa nafasi kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio huenda lisizitambue, na huwezi kuzirudisha. Wanaorekodi popo wana hesabu yao. Milio ya popo wengi iko kati ya kilohezi 20 na zaidi ya 100, nao huhitaji kifaa kinachopima sauti kwa kilohezi 192 au 384.

Geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, irekebishe kwa mkono na uzime ya kiotomatiki. Ya kiotomatiki hupandisha mvumo kila ndege anaponyamaza na kuushusha anapoimba, na rekodi huonekana kama inapumua. Tazama mita ya sauti kwenye kinasa: mlio mkubwa kabisa wa ndege ufike kama desibeli -12, usivuke -6. Ikifika sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki. Iliyo chini kidogo hupandishwa nyumbani bila shida. Vinasa vipya vyenye biti 32 za desimali inayoelea vinasamehe makosa ya geini, lakini havikuruhusu kusimama mbali. Vinapopandisha sauti hafifu, hupandisha na mvumo uliomo ndani yake.

Kichujio cha sauti nzito kiweke hezi 80 au 100 kama kuna upepo au barabara. Mahali tulivu kizime, kichujio utakiweka baadaye kwenye kompyuta.

Kumkaribia ndege

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti ya ndege inapanda desibeli 6 kwenye maikrofoni, huku mvumo wa kifaa na kelele za mbali zikibaki palepale. Kutoka mita 40 hadi 20 umepata 6. Kutoka 20 hadi 10 umepata 12 kwa jumla. Ili kupata tofauti hiyo kwa kununua ungehitaji maikrofoni ya daraja jingine kabisa, na hapa umeipata kwa miguu.

Mwenda pole hajikwai, na kwa ndege hamtishi pia. Usimwendee moja kwa moja ukimkazia macho, kwani hivyo ndivyo anavyoendewa na adui. Tembea mshazari, kama mtu anayepita na safari zake. Ndege wengi wana vituo vyao, tawi moja au mawili wanayorudia kuimbia. Mtazame dakika chache, ujue tawi lake, umsubiri aondoke, kisha usogee na kujibanza nyuma ya shina ukiwa tayari. Akirudi atakukuta wewe ni sehemu ya mahali.

Anza kurekodi kabla hujawa tayari. Washa kinasa ukiwa bado unasogea, kwa sababu mara nyingi wimbo ulio bora ndio wa kwanza, ule anaouimba kabla hajakuona. Kisha tulia. Nina rekodi moja ya ndege aliyeimba mita sita kutoka nilipochuchumaa, alfajiri bila upepo hata kidogo. Ni mfululizo wa miluzi mitatu inayoshuka, kimya, kisha mtetemo mfupi kama mtu anayetikisa funguo. Dakika ya pili tumbo langu linaguruma. Dakika ya tatu, katikati ya mtetemo, kuna "krrr" ya zipu ya koti ikisugua mkanda wa kinasa. Ndege hakurudia mfuatano ule tena asubuhi ile. Tangu hapo navaa nguo za pamba zisizochakarisha, nakula kitu kabla ya kutoka, navua saa ya mkononi, na nafunga kinasa kwenye stendi ya miguu mitatu badala ya kukishika. Vidole vilivyoshika kifaa husikika, hata ukidhani umevituliza.

Kabla ya kubonyeza, zungusha maikrofoni polepole huku ukisikiliza kwa hedifoni. Maikrofoni nyingi za upande mmoja zina mgongo usiosikia vizuri. Mgongo huo ndio silaha yako: weka barabara au mto nyuma yake, hata ikibidi ndege asiwe katikati kabisa ya mbele. Usiposaidiwa na hilo, tumia ardhi. Maporomoko madogo ya maji hutoa kelele ya masafa yote, na hakuna programu itakayoitenganisha na ndege. Lakini ukishuka hatua tano nyuma ya kichuguu au shina nene, sehemu ya kelele hiyo inabaki upande wa pili.

Rekodi angalau dakika tatu kwa ndege mmoja. Wimbo una mapumziko, una mabadiliko, na anayerekodi sekunde ishirini hubeba neno moja la sentensi ndefu. Akiruka, endelea kwa sekunde kumi. Sauti ya mabawa na kimya kinachofuata ni sehemu ya rekodi.

Mwishoni, na si mwanzoni, sema kwa sauti ya chini: tarehe, saa, mahali, jina la ndege au "simfahamu", alikuwa umbali gani, alikuwa akifanya nini, hali ya hewa. Ukisema mwanzoni unamfukuza. Ukisema utaandika baadaye, hutaandika.

Saa za kazi

Ndege wengi huanza kuimba kabla jua halijachomoza, wengine saa nzima kabla, na kwaya hufikia kilele mwanga unapoingia. Uwe umeshafika na kuketi gizani. Faida ya pili ya saa hizo ni kwamba upepo kwa kawaida umelala. Lakini zina mtego: hewa baridi iliyolala chini ya hewa yenye joto huinamisha sauti irudi ardhini, kwa hiyo na barabara ya mbali husikika kuliko mchana. Likizo na mapumziko ya wiki, magari yanapopungua, ndizo siku zako.

Mchana ndege hupunguza, nyenze hutawala. Wape nyenze nafasi yao. Kwaya yao hupanda na kushuka kama kitu kimoja, na ukisogeza maikrofoni karibu na mmoja utasikia kwamba ule ukelele mmoja ni mipigo mingi ya haraka. Baada ya mvua, wasikilize vyura. Usiku kuna nyenje, bundi, na wakati mwingine ukimya wenyewe, ambao pia unafaa kurekodiwa.

Kurekodi mahali pazima

Kumrekodi ndege mmoja ni kama kupiga picha ya uso. Kurekodi mandhari ni kumweka msikilizaji mahali ulipokuwa, na hapo unahitaji maikrofoni mbili zenye nafasi kati yake kama masikio. Njia rahisi ninayoipenda kuliko zote ni ya shina la mti: maikrofoni ndogo mbili zinazosikia pande zote, moja kila upande wa shina lenye upana unaokaribia wa kichwa au kuzidi kidogo, zikifungwa kwa mpira usawa wa kifua. Shina hufanya kazi ya kichwa. Ndege akiruka kutoka kushoto kwenda kulia, msikilizaji mwenye hedifoni atageuka kumtazama.

Kisha ondoka. Nasema kwa msisitizo kwa sababu hili ndilo lililobadilisha rekodi zangu kuliko kifaa chochote. Acha kinasa kikiwaka, nenda mbali usionekane, rudi baada ya saa moja au zaidi. Dakika za mwanzo utasikia nyayo zako zikififia, halafu sauti za tahadhari, halafu kidogo kidogo mahali panarudi kwenye mambo yake. Kunakuja milio midogo ya kuitana ambayo hutolewa pasipo na mtu. Hakikisha betri ni mpya, kifaa kimefungwa mfuko wa kuzuia mvua bila kuziba maikrofoni, na umeweka alama ya mti, kwani miti hufanana. Ukitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, acha vifaa ndani ya begi lililofungwa mpaka vipate joto taratibu, pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu. Ukungu kwenye maikrofoni huleta milipuko midogo ya "tap, tap" isiyotibika.

Usimdanganye ndege

Kumchezea ndege rekodi ya mwenzake ili aje ni jambo rahisi na ni jambo baya. Anaamini mshindani ameingia kwenye eneo lake. Anaacha kula, anaacha kiota, anapigana na spika. Katika hifadhi nyingi ni marufuku. Pasipo na marufuku, jizuie mwenyewe. Ukisikia milio mikali ya kurudiarudia huku ndege akihangaika juu yako, uko karibu na kiota: ondoka sasa hivi, hata kama rekodi ni nzuri. Ndege adimu usitangaze mahali pake kamili. Na maongezi ya watu yakiingia kwenye rekodi bila wao kujua, yakate kabla hujamsikilizisha mtu.

Ukirudi

Nakili faili siku hiyohiyo, sehemu mbili tofauti, kabla ya kufuta kadi. Faili asilia usiiguse kamwe. Fanyia kazi nakala. Zipe majina yanayojipanga yenyewe: mwaka, mwezi, siku, saa, mahali, ndege, kwa mfano 20250314_0540_bwawani_bundi.

Fungua nakala kwenye Audacity, programu ya bure, na ubadilishe mwonekano uwe spektrogramu. Hiyo ni picha ya sauti: muda unakwenda kulia, wembamba wa sauti unapanda juu. Mluzi huonekana kama uzi, mtetemo kama meno ya kitana, nyenze kama mkanda usiokatika, na gari kama wingu zito chini kabisa. Baada ya wiki chache utaanza kumtambua ndege kwa kutazama kabla ya kusikiliza, na utaona kwa nini wengine wanaimba juu ya mkanda wa nyenze na wengine chini yake.

Usafishaji uwe mdogo. Kata mwanzo na mwisho, ondoa sauti nzito chini ya hezi 150 au 200 kama ndege haimbi huko (njiwa na bundi waangalie kwanza kwenye spektrogramu), pandisha sauti hadi kilele kifike desibeli -3. Vifaa vya kuondoa kelele viogope. Vikizidi, ndege husikika kama anaimbia ndani ya ndoo ya maji, na aliyezoea kusikiliza atajua mara moja.

Kama hukumtambua ndege, programu za Merlin na BirdNET zitakupa pendekezo. Zichukue kama rafiki anayekisia vizuri: linganisha na rekodi nyingine, linganisha na ulichokiona. Kisha ipeleke rekodi kwenye xeno-canto, hazina ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2005 ambako watu wa nchi zote huweka sauti za ndege kwa leseni huria. Jaza kila sehemu ya fomu, hasa umbali, tabia ya ndege na kama ulimwona kwa macho. Hata rekodi yenye kelele huchukuliwa ikiwa na maelezo kamili, na kosa la jina husahihishwa na wenzako mara nyingi ndani ya muda mfupi. Yale maneno machache uliyoyasema kwa sauti ya chini mwishoni mwa rekodi ndiyo utakayoyanakili hapo.